Mama Subiri Anaiaga Wodi ya Watoto Wachanga

Sauti isiyonitoka masikioni ni ya utumbo ukinguruma mahali pasipo pake: katika kifua cha mtoto mwenye dakika tatu duniani. Aliyenifanya niisikie ni muuguzi tunayemwita Mama Subiri, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi yetu.

Alianza kwa kuchemsha vyombo vya tiba, akasomea uuguzi huku akifanya kazi, na sasa anaondoka akiwa kiongozi wa zamu. Daktari mgeni akiingia na pupa zake, humuuliza kama ameacha chungu jikoni.

Sifa yake kubwa ni watoto wenye ngiri ya kiwambo. Msuli unaotenganisha kifua na tumbo huwa na tundu, utumbo ukapanda na kubana mapafu tangu mimbani. Kipimo kikiionyesha mapema, yeye ndiye huketi na mjamzito na kumweleza kwa viganja viwili tu. Mimi, muuguzi mwenzake, nina shahada na michoro ya rangi. Akina mama walimtaka yeye. Niliona wivu, tena si kidogo.

Siku ile tuliitwa chumba cha kujifungulia bila kipimo chochote kutuonya. Mtoto hapumui vizuri, tumbo limebonyea. Nikanyakua barakoa na mfuko wa kusukumia hewa. Akanishika mkono.

"Subiri, binti yangu. Sikiliza kifua kwanza."

Nikasikiliza: utumbo ulikuwa ukinguruma kifuani. Hewa yangu ingejaza utumbo na kuyabana mapafu zaidi. Daktari akapitisha mpira kwenye njia ya hewa. Mama Subiri akapitisha mwingine mpaka tumboni, kutoa hewa. Mtoto alipotulia, siku ya tano, alifanyiwa upasuaji. Sasa anatambaa.

Kwenye ripoti niliandika "iligundulika", kitenzi kisicho na mtu. Wakubwa wakadhani ni mimi, wakanipa cheti na nafasi ya kufundisha wenzangu. Mama Subiri alinipongeza mbele ya wote, wala hakuwasahihisha. Wema huo uliniuma kuliko tusi.

Mama, asante kwa mkono ulionizuia. Ulale mpaka jua likukute kitandani, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Jumatatu nilimrudishia matroni cheti, pamoja na ripoti mpya yenye jina lako. Darasa nimeomba ulifundishe wewe, ukipenda. Mimi nimeshajiandikisha kuwa mwanafunzi.