Papai la Mwalimu Romani

Tarehe thelathini Juni Mwalimu Romani Chilumba anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha uchoraji kwenye hii sekondari yetu ya hapa Mbagala. Kamati ya sherehe imeniambia mie Monica wa jikoni niandike habari zake, kwa sababu vitu vyake vyote vya kufundishia alivitoa kwangu. Ni kweli. Na tena habari za watu hazinipiti, hilo hawakulisema ila tunaelewana.

Mwalimu alikuja mwaka tisini na nne, katokea Newala, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Baba yake alikuwa mchonga vinyago. Akapewa kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha madawati mabovu, brashi hamna, rangi hamna. Siku ya pili tu kaja jikoni anaomba mkaa. Nikajua anataka kupika, kumbe wa kuchorea. Kesho yake karudi anaomba sufuria, na sufuria lenyewe hataki zuri, anataka lile lililoungua kitako na mdomo umebonyea.

Sasa sikilizeni. Aliliweka mezani, akawaambia watoto walitazame. Bila penseli. Kipindi kizima watoto wa watu wanatazama sufuria. Maneno yakazunguka mpaka kwa wazazi, eti tumeletewa mwalimu mvivu.

Na karatasi ya mtoto hakuwahi kuigusa. Wengine wanachukuaga penseli, wanarekebisha pua, wanarekebisha sikio, mwisho wa siku picha ni ya mwalimu. Yeye anasimama nyuma yako, mikono mgongoni, anasema, "Tazama tena." Mtoto anafuta, anachora. "Tazama tena." Ndio likamganda jina la Tazama Tena, mpaka wauza chipsi wa getini wanamwitaga hivyo na anaitika.

Ila siku niliyomkubali moja kwa moja ni ile ya papai. Ni miaka kumi na kitu sasa.

Mkuu wa shule wa kipindi kile, simtaji, alishahama, hakuwa na mpango na uchoraji. Akamwambia Mwalimu mbele ya wenzake kwamba maonyesho yanakuja na wageni wanakuja, na picha za fomu foo zikiwa za hivi hivi tu, somo linafutwa, chumba kinakuwa stoo ya madawati. Mwalimu hakubishana. Akapanga meza yake: sufuria langu, kanga nyekundu, na papai moja kubwa limeiva upande mmoja. Watoto wakachora mpaka jioni hawajamaliza, akawaambia wataendelea kesho.

Kesho yake papai halipo. Kuna kanga, kuna sufuria, na ndani ya sufuria mbegu.

Mlinzi wetu Petro, huyu huyu mnayemwona getini, kaulizwa na wala hakuficha. Kasema kazi yake ni kulinda mali ya shule, na ile mali ilikuwa inaelekea kuoza. "Sasa mlitaka liozee mezani?"

Wilfred, kiranja wa darasa, akamjibu, "Mjomba Petro, umekula somo letu."

Nusaiba yeye alikuwa kakaa chini analia. Binti huyo hesabu hazimwelewi wala yeye hazielewi, kuchora ndio kitu pekee kilichokuwa kinamleta shule. Likifutwa somo, naye kafutwa.

Mie nishavaa kandambili niende sokoni Rangi Tatu nikalete papai lingine. Mwalimu akanikatalia. "Dada Monica, hilo litakuwa papai lingine." Akawageukia watoto, akawaambia wachore lililokuwepo jana. Nikasema moyoni, huyu leo kachanganyikiwa. Lakini watoto wakakaa, wanatazama pale patupu kama vile kitu kipo. Mmoja akachukua penseli. Wote wakafuata.

Siku ya maonyesho picha zikatundikwa. Jamani! Papai lile lile, kila mtoto na upande aliokaa. Huyu kaona kikonyo na utomvu uliokauka, yule kaona pale kijani inapoanza kugeuka njano. Unataka kunyoosha mkono ulibonyeze. Mkuu akagoma kuamini, akasema wamenakili kwenye kitabu, papai lenyewe nani kalichunguza hivyo? Walimu wakaangaliana. Mtu aliyelichunguza kuliko wote alikuwa getini na rungu lake.

Petro akaitwa. Akapita picha moja moja, taratibu, na hamna anayecheka. Kufika kwa Nusaiba akasimama. Kwenye picha yake, chini kabisa karibu na meza, kulikuwa na kidoa kama sikio la mtoto.

Petro akavua kofia. "Mkuu, hili doa nililikata mwenyewe kwa kisu nikawatupia kunguru. Huyu binti kaliona saa ngapi?"

Mkuu akasogea, akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena, yaani na yeye ugonjwa ushampata. Habari ya stoo ikaishia pale.

Mwaka huu yale maneno yakarudi, kwamba Mwalimu akiondoka na uchoraji unaondoka naye. Nilikosa raha kabisa. Hadi Jumatatu iliyopita naosha mchele, nasikia, "Shikamoo mama." Nageuka, Nusaiba. Chuo cha ualimu kamaliza, kapangiwa hapa hapa kwetu.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kuomba sufuria. Lile la kitako cheusi."

Nikampa. Nikarudi kwenye mchele wangu, nikawa siuoni vizuri.

Mwalimu Romani, sie wote, kuanzia ofisini mpaka jikoni, tunakushukuru. Ukapumzike na afya yako, wajukuu wakusumbue kidogo tu, na hayo macho yako Mungu akutunzie.

Kwenu wageni: meza ya mbele mtaona papai. Kaliweka Mwalimu Nusaiba, darasa lake la kwanza wako katikati ya kulichora. Tunaomba lisiguswe. Petro kaomba mwenyewe kukaa pembeni yake kulilinda, na kamati imemkubalia.