Hindi la Kuchemsha

Jirani anadai Hamduni, fundi cherehani wa Bunda, ana ule ugonjwa wa siku hizi, maana amekonda. Wateja wamemkimbia. Gati, abiria wa kiti cha nyuma, alimsikia Hamduni mwenyewe akimweleza hayo mama muuza dagaa wa sokoni Bunda aliyekaa kando ya Hamduni, basi likiwa limesimama Kiabakari.

“Basi kula sambusa, baba, unenepe wakuone,” mama alisema, akimalizia ya tatu. “Daktari kanikataza mafuta, mama. Nina presha. Nilikuwaga na tumbo kama gunia la pamba.” Akanunua hindi la kuchemsha dirishani. “Haya, konda tu,” mama akamwambia. “Watakusema mpaka ufunge cherehani.” Hamduni akalishika hindi bila kulila.

Bunda basi likasimama. Mama akainua kapu lake. “Mama, pale sokoni watu wanakusikiliza,” Hamduni akamwambia. “Waambie ni presha tu.” Mama akashuka.