Msimu wa Viwavi Abaki Mtu Langoni

Sogeeni wanangu, na wewe Kapembwa zima hiyo redio, mpira utachezwa hata kesho na mimi huenda kesho nisiwepo. Mwansa binti yangu, niegemeze ukutani, maneno haya hayasemwi na mtu aliyelala kama gunia. Kapembwa, wewe ni mtoto wa marehemu dada yangu, na kwa desturi yetu Wabemba ya kurithi upande wa mama, mkono wako unafika kwenye mali yangu kabla ya mikono mingine, kwa hiyo fungua masikio kuliko wote.

Shamba la mihogo la mtoni ni lako, Kapembwa. Mbuzi gawaneni, ila yule mwenye pembe moja mchinjeni kwenye matanga, amenichosha. Sufuria kubwa ni ya Mwansa. Baiskeli ni ya yeyote atakayeiweza. Hayo yamekwisha, wala siyo niliyowaitia. Nimewaitia vile vibanda vya uani wanamolala wasichana wa shule, maana hofu niliyo nayo juu yao imelipita kaburi.

Mnajua wanakotoka, ng'ambo ya bonde, mwendo ambao mtoto akiuanza alfajiri atafika darasani wenzake wanatoka, ndiyo maana huja Jumapili na unga kichwani, wakapika wenyewe, wakalala wenyewe, wakarudi kwao Ijumaa. Usiku hufunga mlango kwa kamba ya gome la mti, wakadhani wamefunga.

Chilufya, msichana wa darasa la mtihani, naye alidhani hivyo. Wakati ule wasichana walipanga kwa Chisala, nyuma ya baa yake. Mvua za kwanza zikanyesha, viwavi wale wa kuliwa wakatoka msituni, na kijiji kizima tukahamia kambini kuwaokota kama kila mwaka, na vyungu, na watoto mgongoni, na mbwa. Hata mwalimu wa hesabu alikwenda. Wakabaki wasichana wa mtihani peke yao. Kijiji kilisema wako karibu na shule, shule itawaangalia. Shule ikasema wako kijijini, kijiji kitawaangalia. Katikati hapo likaegeshwa lori la wanunuzi wa viwavi. Tuliporudi na magunia ya viwavi waliokaushwa, tulikuta sahani ya Chilufya imeanikwa kichanjani na daftari liko wazi kitandani, na yeye hajaonekana mpaka leo. Mama yake alikuja akaichukua sahani. Akaifuta kwa khanga yake, akashika njia. Afadhali angetutukana.

Ndipo nikajenga hivi vibanda, nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akaniambia, "Mama Mwansa, nje ya uzio si shule." Nikamwambia, "Choo chenu nacho kiko nje ya uzio, mwalimu, mbona mmekitia kufuli?" Hakunielewa siku hiyo. Alielewa pale sisi wanawake wa kanisani tulipohamia barazani kwake na mikeka yetu, tukasuka hapo kila siku mpaka akachoka kutuona. Mwalimu Sampa akaanza kuja jioni na taa ya shule, wakasoma pamoja. Wavulana wakaachiwa uwanja na mpira, benchi la baa ya Chisala likapoa. Na mimi nikaweka kigoda langoni. Chisala akapita akacheka, "Bibi, unafuga kuku au unafuga wasichana?" Nikamjibu, "Nafuga kuku, na kicheche namfahamu kwa sura." Jua likizama naita majina, wao wanaitika. Ndiyo kazi yote. Hata mjinga anaiweza, tatizo ni kwamba lazima awepo.

Sasa mvua imenyesha juzi. Malori yameshafika sokoni, nayasikia yakinguruma hapa nilipo. Na nyinyi mmeshafunga mizigo ya kambini, msinidanganye, nimeona sufuria haipo jikoni. Wasichana hawajamaliza mtihani. Nakufa wakati mbaya kabisa.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Nikifa watakuja waombolezaji, na wajomba msiowajua, wanaume watalala kuzunguka moto, na atatokea mtu mwema mmoja aseme wasichana wasogee kidogo ili wageni wapate pa kulala. Huyo mtu mwema namwogopa kuliko Chisala. Matanga yawe kwa Kapembwa. Hapa asilale mgeni, hata akija akilia.

Na wewe Kapembwa, ulimwambia mkeo wakati mimi nimefumba macho, "Madereva wa malori wanalipa vizuri kuliko hawa watoto." Macho ndiyo yaliyofumbwa, bwana. Vibanda havipangishwi kwa dereva. Ukivipangisha, usilitaje jina langu kwenye ugali wako.

Jina langu atalirithi Mwansa. Mwanangu, siku watakapokuvika zile shanga nyeupe za kurithi jina usikae ndani kupokea salamu, toka na kigoda uende langoni. Najua una haya, huiti mtu kwa sauti. Utajifunza. Na msituni muende kwa zamu, nyumba hii ikienda ile ibaki, na Sampa mwambieni naye abaki, nimesema mimi.

Pumzi inaniishia. Jua limefika wapi? Fungua dirisha, niwaite wasichana mwenyewe.

Kasonde. Haya, nimekusikia.

Mwewa. Haya, mama.

Ngosa.

Ngosa.

Labda sauti yangu haifiki. Ita wewe, Mwansa. Kwa nguvu, huombi chumvi.

Anasemaje Kasonde? Ngosa amekwenda sokoni kununua nini? Mafuta? Mafuta niliwapa jana, chupa nzima.

Inukeni. Mnanitazama nini, nitakufa hata msiponitazama. Baraka mliyokuja kuingojea ni ya atakayetangulia kutoka mlango huo, sina nyingine.

Nani huyo aliyetangulia? Kapembwa?

Haya. Chukua na fimbo yangu, mwanangu. Anzia kwenye malori, fungua maturubai yote, wakikuuliza wewe nani waambie wewe ni mjomba wake Ngosa. Mungu akutangulie.

Mwansa, usikae hapa kunishika mkono. Nenda langoni. Ita. Usinyamaze mpaka aitike... niache dirisha wazi, nisikie.