Hakuna Anayemtafsiria Mama Yake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya Wilaya, Bwana Evodio Tejeda; Mkuu wa Shule ya Sekondari ya Harlan Flats, walimu, wazazi mliotoka moja kwa moja kwenye mabanda ya kufungashia matufaha bila hata kubadili nguo, wanachama wa Klabu ya Wanafunzi wa Kilatino, wa leo na wa miaka yote thelathini na mitano, ndugu wageni waalikwa:

Naanza kwa kuomba radhi. Nilistaafu miaka kumi na moja iliyopita, na kila mwaka tangu hapo klabu hii imeniandikia barua ya mwaliko. Sikujibu hata moja. Mwaka huu mwenyekiti wenu, Yadira Olmedo, ameniandikia mara tatu zaidi, na barua yake ya mwisho ilikuwa na sentensi moja tu: "Mwalimu, tunajua u hai, tunakuona kanisani." Kunyamaza kwangu kulikuwa utovu wa adabu, na sina udhuru. Lakini si ukimya huo peke yake ninaouombea radhi. Upo mwingine, wa zamani zaidi, na klabu hii ilizaliwa humo.

Mnasikia kwamba nazungumza Kihispania, na Yadira amesimama kando yangu akiwatafsiria kwa Kiingereza wajumbe wa Bodi na walimu wasiokielewa. Yadira, nitasema maneno makali. Yapeleke yalivyo, usiyapake asali.

Wanafunzi wangu wa zamani mlinijua kwa jina la Bi. Whitcomb, mwalimu wa sarufi ya Kiingereza, aliyeweza kurudisha insha nzima kwa sababu ya koma moja. Whitcomb lilikuwa jina la marehemu mume wangu. Nilizaliwa Eulalia Bracamontes, binti wa wachuma stroberi. Nikiwa na miaka saba, katika shule moja ya Texas, nilisimamishwa kwenye kona tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho kwa kosa la kumwomba mwenzangu kifutio kwa Kihispania. Siku hiyo niliapa kwamba lugha ya mama yangu haitatoka tena kinywani mwangu ndani ya kuta za shule. Nilikitimiza kiapo hicho kikamilifu, kama ninavyotimiza mambo yangu yote. Kwa miaka kumi na tisa hapa Harlan Flats hakuna aliyejua.

Ikafika Oktoba 1988, jioni ya wazazi kupokea ripoti. Wakati huo utaratibu ulikuwa mmoja tu: mwalimu anakaa upande huu wa meza, mzazi upande ule, na mtoto anasimama katikati akitafsiri maovu yake mwenyewe. Je, ni nani aliyebuni utaratibu huo, na alikuwa amewahi kukutana na mtoto?

Mbele yangu alikaa Doña Soledad Tejeda, kofia ya wavu ya kazini ikiwa bado kichwani, kwa sababu msimamizi alikuwa amempa ruhusa ya saa moja. Nilimwambia mwanawe, kwa Kiingereza, amweleze mama yake kwamba hajaleta insha hata moja tangu Septemba, na kwamba akiendelea hivyo atarudia mwaka. Kijana akamgeukia mama yake na kusema kwa Kihispania, bila kupepesa macho: "Mwalimu anasema hajapata kufundisha mtu mwenye akili kama mimi. Anasema ingefaa nipate baiskeli."

Mama akauliza, "Kasema baiskeli?"

"Kasema ya gia, mama."

Doña Soledad alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Aliniambia, kwa lugha aliyodhani siijui, kwamba alikuwa amesimama kwenye mkanda wa kuchambulia matufaha kwa miaka sita akingoja mtu amwambie neno kama hilo. Kijana akanitafsiria: "Anasema asante." Nami niliyesikia kila neno nilijibu kwa Kiingereza sanifu kwamba hakuna haja ya shukrani, nikamwita mzazi anayefuata.

Huo ndio ukimya ninaousema.

Wiki mbili baadaye baiskeli nyekundu ya gia ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mbele ya dirisha la darasa langu. Niliitazama kwa siku nne. Siku ya tano nilikwenda nyumbani kwao, nikabisha hodi, na mlangoni nikazungumza Kihispania. Nilieleza yote. Nilitazamia amgeukie mwanawe, lakini alinigeukia mimi.

"Jioni ile ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Huyu ana miaka kumi na mitano," alisema. "Wewe una mingapi?"

Nimepata tuzo mbili za ualimu katika maisha yangu, na sikumbuki kilichoandikwa kwenye hata moja kati ya hizo. Swali hilo nalikumbuka.

Hukumu aliitoa yeye. Baiskeli aliichukua, akawa anaiendesha kwenda kazini kwa miaka tisa. Mwanawe aliamriwa kutafsiri katika kila jioni ya wazazi, lakini kwa wazazi wa wengine tu, nami niliamriwa kuketi karibu na kumsikiliza. Kufikia majira ya kuchipua wanafunzi saba walikuwa wamejiunga naye. Tulipewa Chumba Namba 14, kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na ukutani tuliandika kanuni moja: hapa hakuna anayemtafsiria mama yake.

Kijana yule, ndugu wageni waalikwa, ndiye mwenyekiti wa kwanza wa klabu hii, na ndiye aliyeketi safu ya mbele sasa hivi akiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu. Na anayemfinya mkono ni mama yake.

Je, mmefanya nini tangu hapo? Mmetafsiri mikutano zaidi ya elfu tisa. Wanachama mia nne na kumi wamehitimu. Tangu mwaka 1994 sherehe ya mahafali huendeshwa kwa lugha mbili, na mama zetu hawahitaji tena kuwatazama wengine ili wajue wakati wa kupiga makofi. Kila Novemba mnajenga kwenye korido kuu madhabahu ya kuwakumbuka marehemu wetu, kwa maua na picha zao. Bwana Lindqvist, mtunza majengo, aliyelalamika kwa miaka mingi juu ya kufagia maua yake, sasa huleta picha ya mkewe kabla ya mtu yeyote.

Nitamtaja mwanachama mmoja tu. Familia ya Nayeli Cisneros na jirani zao hawakusalimiana kwa miaka mitano kwa sababu ya uzio. Jioni moja ilimwangukia Nayeli kumweleza mama wa nyumba hiyo ya jirani kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza katika hisabati, na wa pili alikuwa kaka yake Nayeli. Alilifikisha kila neno, hata sifa ambazo mwalimu alizirudia mara mbili bila sababu. Kisha akaenda Chumba Namba 14 akalia. Leo ni mkalimani wa mahakama. Sishangai.

Sasa nifikie jambo lililotukutanisha. Mwalimu Fermín Olguín, aliyeipokea klabu hii kutoka kwangu na kuikuza kuliko nilivyoweza, anaondoka mwezi Juni kwenda Jalisco kumtunza baba yake. Kanuni ya wilaya inasema klabu isiyo na mlezi mwajiriwa hufungwa siku ya mwisho ya muhula. Hakuna mwalimu aliyejitokeza. Siwalaumu, wana kazi nyingi. Kwa kweli nawalaumu kidogo. Yadira, tafsiri na hilo.

Wanafunzi wameniomba mimi nirudi, na Bodi itapiga kura Jumanne iwapo mstaafu wa miaka sabini na saba anaweza kuruhusiwa. Wapo wasemao kwamba kutafsiri kunaweza kufanywa na sauti ya mtu wa mbali kwenye simu. Sauti hiyo haitakutana na mama huyo dukani kesho yake.

Sikuwajibu, wanangu, kwa sababu nilijiuliza nina haki gani ya kulea klabu iliyozaliwa kwa aibu yangu. Jumapili iliyopita Doña Soledad, mwenye miaka themanini na mitatu, alinizuia kwenye ngazi za kanisa na kuniambia: "Eulalia, unanyamaza tena?"

Basi jibu langu ni ndiyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua moyo wako, na ndiyo maana nakuomba mbele ya watu: Jumanne usinisemee. Unaijua kanuni, ipo ukutani kwa mwandiko wako. Nitakuja na kujisemea mwenyewe, kwa lugha zote mbili.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Bodi ikishaamua, iwe ndiyo au hapana, nitawaandikia wazazi wote, na safari hii hamtangoja miaka kumi na moja. Nitaandika kwa Kihispania, ili mtoto akiifikisha barua nyumbani, mama aifungue na kuisoma mwenyewe.