Mama Nekesa, Aliyetunyima Miche

Mama Asenath Nabalayo Lusweti alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 hapa hapa Kimilili, kitindamimba wa marehemu Mzee Opicho na Mama Rasoa. Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la saba, na walimu walisema mtoto huyu akishika neno haliachi. Sisi tulioishi naye ni mashahidi.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Bwana Lusweti, mfanyakazi wa kiwanda, wakahamia Umoja, Nairobi. Mungu aliwajalia Nekesa na Wafula. Aliuza vitunguu sokoni hadi mwaka 2015, alipowakusanya kina mama wa mtaa wakaunda chama, wakakodi shamba kule Kamulu, kila mmoja na kipande chake.

Mwaka 2019 majani ya vitunguu vyao yalitoka madoa ya manjano yaliyopauka, yenye ncha huku na huku, kisha yakalala. Vitunguu havikufaa hata kachumbari. Marehemu, kama wenzake, alipiga dawa ya kuvu, akaongeza nyingine. Kazi bure! Ndipo alipompelekea afisa wa kilimo majani mabichi.

"Mama, hii si kuvu, ni virusi," afisa alimwambia. "Mmea ukiugua hauponi. Vinabebwa na wadudu wadogo sana wanaojificha katikati ya majani."

Marehemu alivua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakung'utia majani juu yake. Wadudu wakaanza kutembea. Jumapili alikivaa tena kanisani, alisema amekifua.

Sasa, kwetu miche ya vitunguu haiuzwi. Aliye nayo humgawia jirani, na kumnyima ni kumtukana. Kitalu kikubwa kilikuwa cha marehemu, kando ya vitunguu vilivyougua, na aliona wazi kwamba ukarimu wake ndio ulioeneza ugonjwa. Jirani yake Nthoki alipokuja na beseni, alimrudisha mikono mitupu.

"Mama Nekesa, kwani siku hizi umekuwa mchoyo hivi? Miche tu?"

"Nikikupa hii nimekupa ugonjwa. Rudi nyumbani, mama."

Aling'oa kitalu chote akakichoma huku akilia. Nthoki aliacha kumsalimia, na wengine wakatishia kutoka kwenye chama. Lilimuuma mno, maana alikuwa mtu wa watu.

Lakini hakurudi nyuma. Mabaki yote yaling'olewa, msimu mzima wakapanda maharagwe, na kitalu kipya kikawekwa mbali na shamba la zamani. Majani yalikung'utwa kila Jumamosi, na mche wenye doa haukuonewa huruma. Miche ilipokuwa tayari, marehemu aliibeba mwenyewe hadi mlangoni kwa Nthoki. Vitunguu vya msimu ule vilijaa ngumi, lori likakosa nafasi! Nthoki alipiga vigelegele shamba zima likasikia: "Mama Nekesa, wewe ni noma!"

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alipambana kwa ujasiri hadi tarehe 12 Februari 2025. Nthoki alikuwa kando ya kitanda.

"Mmekung'uta majani?" marehemu aliuliza.

"Tumekung'uta, mama."

Ameacha mume, Bwana Lusweti, watoto wawili, Nekesa na Wafula, wajukuu watano, na kina mama wa Kamulu, ambao hakuna aliyejitoa. Vitunguu vilivyo kwenye sufuria za leo vimetoka shambani kwao. Nthoki amevipakata ndani ya basi kutoka Nairobi, akakataa kabisa viwekwe juu. Kuleni mshibe.

Lala kwa amani, Mama Nekesa. Majani ni safi.