Déogratias Wilondja na Droni Iliyorudi

Déogratias Wilondja alizaliwa Lubondja tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa Mzee Néhémie Wilondja na Mama Marie. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha akaja Baraka kwa sekondari na kuimaliza kwa diploma ya serikali mwaka 2011.

Mwaka 2014 alifungua studio ya picha karibu na soko la Baraka. Miaka mitano baadaye akanunua droni. Hakuwa mtu wa kuirusha ovyo. Alichora njia kwenye simu, akaweka alama za kupita na za kupiga picha, kisha akaiacha ipae yenyewe, izunguke na kurudi. Siku aliyoijaribu Lubondja, kuku wote walikimbilia chini ya ghala na Mama Marie akatoka na ufagio: "Déo, shusha kile kitu! Kuku zangu hazitataga tena!" Jioni hiyo hiyo alikuwa anawaita majirani waje waone paa la nyumba yake kwenye simu.

Tarehe 5 Agosti 2017 alifunga ndoa na Tania, aliyekuwa pia msaidizi wake wa kazi. Mungu akawajalia watoto wawili.

Hapa wasifu huwa unaeleza ugonjwa. Déo hakuugua. Tunalisema waziwazi, maana tumechoka kusikia mjini kwamba aliuawa na droni yake.

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, alikuwa ziwani na Tania, ndani ya mtumbwi mpya, akirekodi safari ya kwenda Kazimia kwa ajili ya mwenye mtumbwi, Bwana Casimir, aliyeuendesha mwenyewe. Bwana Casimir alikuwa ameyafungia majileti ya kuelea kwenye kasha la nyuma, eti rangi yake inaharibu video. Déo aliomba mota izimwe ili aipokee droni kwa mikono, kama alivyoomba kila mara akiwa majini. Bwana Casimir akamjibu, "We piga picha yako, mi niko na haraka." Basi akaipanga droni iifuate simu iliyoning'inia shingoni mwake. Alipoinuka kuipokea, mtumbwi ukapigwa na wimbi, akaanguka.

Mtumbwi ulipogeuka kurudi kumtafuta, watu walikuwa wamepoteza mahali alipoangukia. Droni haikupoteza. Ilipoikosa simu, ilikwenda kusimama juu ya maji pale pale simu ilipozama, kama alivyoipanga. Tania alipiga kelele: "Iko pale! Mufuate droni!" Bwana Casimir akasema, "Kidude inionyeshe ziwa? Mi nilizaliwaka huku!" Akaenda kutafuta upande mwingine, mpaka betri ikaisha na droni nayo ikaanguka. Wavuvi walimwopoa Déo kesho yake, hapo hapo Tania alipoonyesha.

Leo tumekaa chini ya turubai alilotuazima Bwana Casimir. Tunamshukuru kwa kivuli. Zaidi ya hapo tuna hasira, na hatutaificha kwa sababu ni msiba.

Déo ameacha wazazi wake, mjane Tania, watoto wake Merveille na Dieumerci, na dada yake Espérance anayewasomea haya.

Mungu ampe Déo pumziko. Droni yake ilirudi kumtafuta. Wewe, Bwana Casimir, ulikuwa na mota, ulikuwa na macho, na funguo za lile kasha zilikuwa mfukoni mwako.