Mama Viputo na Gumba la Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Wanafunzi wake walimwita Mama Viputo, na sasa hivi mtajua kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kuisikiliza damu. Ndiyo, kuisikiliza! Mashine yake ilimulika ngozi kwa leza, chap. Damu ikaunyonya mwanga, ikapata joto kidogo tu, ikatanuka, ikatoa mlio usiosikika kwa sikio. Kifaa kikaudaka, kompyuta ikachora mishipa myembamba kuliko unywele. Mwanga unaingia, sauti inatoka. Lakini sauti hiyo hupita majini, kati ya ngozi na kifaa. Ikikuta kiputo cha hewa, inakwama. Basi mama huyu aliwinda viputo kama wengine wanavyowinda kunguni.

Kaka yake, fundi cherehani, alimcheka miaka mingi. "Mdogo wangu, unasikia mwanga? Kesho utaniambia unaonja redio!"

Kisha mlango wa chuma ukambana kidole gumba. Kikawa cheusi. Daktari akasema ncha ikatwe. Fundi cherehani bila gumba, jamani! Mama Viputo akaomba saa moja, akawaburuta wote wawili hadi maabara, akakitumbukiza kidole majini.

Skrini ikabaki nyeusi tii.

"Basi kimekufa," kaka akasema.

"Tulia, kaka. Ukitetemeka unaniletea viputo."

"Nitulie? Kwani kidole ni chako?"

Daktari akatazama saa. Mama Viputo akainama, miwani karibu iguse maji, akapitisha brashi laini pembeni mwa ukucha. Kiputo kimoja kikapanda, kidogo kama ufuta. Skrini ikawaka: mishipa, mishipa, hadi nchani, na damu inatembea. Kidole kilikuwa hai.

"Tusubiri," akasema daktari. Wakasubiri wiki tatu. Kidole kikapona. Ukucha uliota kombo, na kaka akamlaumu dada kwa hilo pia.

Juzi msibani kaka alilia. "Nilimcheka mpaka mwisho. Asante sikuwahi kumwambia."

Binti wa marehemu akamshika bega. "Mjomba, alijua. Alisema siku ukiacha kumcheka, atakupeleka hospitali."

Kaka akacheka huku machozi yanamtiririka.

Kwa kaka, kwa binti, kwa wanafunzi wake wote: poleni sana. Nasi tuliobaki, tuwatafute leo wale tunaowatania kila siku. Tuwaambie asante, kwa sauti ambayo sikio linaisikia.